Majani mekundu njia ya reli Kaliua–Usinge: hiyo miti haifi, inachipua

Mleta uzi, heshima yako. Umeuliza ni miti gani uliyoiona dirishani mwa treni kati ya Kaliua na Usinge, mkoani Tabora, katikati ya Septemba, majani mekundu, mengine rangi ya shaba, ukaweka na picha nne. Nimesoma majibu yote. Mdau mmoja kasema programu ya simu yake imesoma "mepo", mti wa nchi za baridi. Mwingine kasema msitu umeingiwa na ugonjwa. Wa tatu kamaliza kabisa: miti imeshakufa, wenye tumbaku waingie wakajichukulie kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niache shughuli zangu nikae niandike, maana mimi ni mfugaji nyuki huku upande wa Sikonge na hiyo miti ndiyo inayonilisha.

Ukikuta mti wa rangi usioufahamu, weka rangi pembeni kwanza. Jiulize: jani hili linazaliwa au linakufa? Kwa wenzetu wa nchi za baridi swali hilo halina kazi, kwa sababu mti mzima ukigeuka mwekundu mwezi wa kumi kule, jani liko njiani kuanguka. Siku zinafupika, baridi inaingia, mti unavunja klorofili, yaani ile rangi ya kijani. Hapo manjano iliyokuwemo muda wote ndani ya jani inaonekana, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu juu yake kabla ya kupukutisha. Kwetu kwenye miombo, hii misitu ya asili ya huku, mambo makubwa ya rangi yanatokea mwanzoni mwa maisha ya jani. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, jua likiwa kali na ardhi imekauka, mvua bado ziko mbali, miti inatoa majani mapya kwa kutumia maji yaliyo chini sana pamoja na yaliyobaki ndani ya shina. Jani changa linatoka na ule wekundu uitwao anthosianini kabla klorofili haijajaa. Wataalamu wengi wanauchukulia kama kinga dhidi ya jua kali, na huenda pia dhidi ya wadudu. Baada ya wiki chache linakuwa kijani kama mengine. Hapa Tabora miembe imejaa kila mtaa, na kila mtu ameshaona majani machanga ya mwembe yakiwa mekundu ya hudhurungi. Sijawahi kusikia mtu akisema mwembe wake unakufa.

Kulitambua ni rahisi kuliko unavyodhani. Lishike. Jani changa la mtundu, mmoja wa miti ya miombo, linaning'inia limelegea kama kitambaa kilicholowa, ukilielekeza kwenye jua mwanga unapenya na mishipa inaonekana yote. Ukilifinya halivunjiki, linajikunja tu. Jani linalokufa linakatika mkononi, na ukitikisa tawi mengine yanadondoka.

Kuna la tatu la kuangalia, jani lililobabuliwa na moto. Hili ndilo linalowachanganya watu wanaopita kwa gari, kwa sababu moto wa Juni na Julai unaacha majani ya hudhurungi yenye wekundu kwa mbali. Tazama chini: shina litakuwa na weusi, na majani ya chini yameungua kuliko ya juu.

Sasa picha zako. Ya kwanza karibu nina hakika ni mtundu, na ya pili naona ni muba. Wengi wanaichanganya hii miwili, hata vijana waliokulia humu humu, kwa sababu yote ina jani lililogawanyika, vijani vidogo viwili viwili kwenye uti mmoja. Hesabu jozi na utafute jozi kubwa iko wapi. Mtundu kwa kawaida una jozi chache, tatu hadi tano, na ile ya mwisho kwenye ncha ndiyo kubwa kuliko zote. Muba una jozi zaidi kidogo, na kubwa ziko katikati. Ukikaza macho ukingoni mwa jani utaona vinyweleo vimejipanga. Kuna na ndugu yao wa tatu, wanaouita miyenze, ambao jani lake lina jozi nyingi nyembamba, kumi na kitu hadi ishirini na kitu, kama unyoya. Gome lake ndilo wazee wanalochuna kamba. Huo nao ukichipua unakuwa mwekundu wa kupendeza sana.

Kama majani yako juu mno, angalia maganda. Ya muba yana manyoya laini ya rangi ya kahawia na yanasimama juu ya majani, unayaona ukiwa mbali. Ya mtundu ni laini, hayana manyoya, yamejificha ndani ya matawi. Na msimu huo huo wa Septemba, jua la saa saba mchana, utasikia yanapasuka: ta! ta! Kila ganda linajigawa pande mbili, linajisokota na kurusha mbegu mbali. Okota nusu moja chini ya mti. Kwangu ganda moja lina thamani kuliko picha kumi za majani mekundu.

Kwa nini nasema usiifuate rangi? Kwa sababu mitundu miwili iliyosimama pamoja, umri uleule, udongo uleule, mmoja unaweza kuwa mwekundu wa mvinyo na mwenzake rangi ya asali au kijani cha njano. Mti mmoja, rangi tofauti. Halafu miti tofauti kabisa, rangi moja.

Hapo ndipo ile programu ilipoanguka. Imeona wekundu, ikakimbilia picha ilizozoea. Mepo ni ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada: jani moja zima lenye ncha kama vidole, na kila jani lina pacha wake upande wa pili wa kijiti. Hauoti kwenye misitu yetu, na jani la picha yako limegawanyika jozi jozi. Ingekuwa programu inauliza maswali badala ya kubahatisha, isingefika huko.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi hata kwao. Mdogo wangu anaishi Uingereza, aliwahi kunitumia picha ya mti mwekundu wa mtaani kwake akisema ni mepo. Nikamwambia aangalie majani yamekaaje kwenye kijiti. Yalikuwa yanapishana, moja huku moja kule, na chini ya mti kulikuwa na vitunda vya mviringo vyenye miiba. Hiyo ni likwidamba, jani lake linafanana na nyota. Mepo ungekuwa na majani pacha na mbegu zenye mabawa mawili. Mimi huo mti sijawahi hata kuugusa.

Picha ya tatu, uliyopiga Kigoma mjini, ni mkungu, na hapo nageuza maneno: yale majani mekundu ni mazee kweli, yanaanguka. Mkungu ni miongoni mwa miti michache ya mitaani kwetu inayofanya kama ya Ulaya. Matawi yamekaa ghorofa ghorofa, majani makubwa yamerundikana kwenye ncha za matawi, mapana kuelekea mbele. Tafuta kungu chini, utalikuta.

Ya nne si jani kabisa. Ni maua, mti umepukutisha majani ukabaki na vishada vyekundu kwenye matawi matupu yenye miiba. Nadhani ni mwamba-ngoma. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zitathibitisha.

Ukitaka kuona majani mazee ya msituni yakibadilika rangi, njoo mapema, kuanzia Mei hadi Julai. Mninga unageuka manjano, nao unajulikana kwa tunda la mviringo lenye bawa pande zote na miiba katikati. Milama mingine inakwenda wekundu au zambarau, na matunda yake yana mabawa manne.

Kwa yule mdau wa kuni za bani: mtundu unaouona mwekundu leo unatoa maua pamoja na majani hayo au muda mfupi baadaye, madogo, hayana mvuto kwa macho ya mtu, lakini nyuki wanayavamia. Muba unafuata mvua zikielekea mwishoni. Ukikata Septemba umekata asali yangu.

Mleta uzi, ile ya pili nimesema muba kwa kukisia tu kutokana na umbo la mti, picha ina ukungu wa kioo cha treni. Ukirudi njia hiyo kabla ya mvua, treni ikisimama Usinge mwombe mtu wa hapo tawi moja bichi na ganda la chini yake, uviweke juu ya karatasi nyeupe, upige picha na kuituma humu.