Mkaa "ulioiva" na kasuku wanaokufa usiku

Swali: Daktari, habari za kazi. Niko Mbeya, nafuga kasuku wadogo wanne sebuleni. Kwa baridi hii nafunika tundu kwa blanketi na kuacha jiko la mkaa karibu, mkaa ukiwa umeshaiva, hauna moshi kabisa. Juzi asubuhi nimekuta wawili wamekufa chini ya tundu, hawana jeraha. Wa tatu anatweta, mkia unapanda na kushuka. Aliyeniuzia anasema ni nyoka au baridi. Kanipa vidonge vya nondo niviweke pembeni ya tundu, na unga wa oksitetrasaiklini wa kuchanganya kwenye maji. Usiku ule hata mimi na mke wangu tuliamka vichwa vinauma, nadhani ni mafua ya msimu. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, toa hilo jiko nje na ufungue madirisha.

Nyoka huingia tunduni kutafuta chakula. Kuacha mizoga miwili mizima, isiyo na alama, si kawaida yake. Baridi nayo naiondoa: kasuku mdogo asili yake ni bara la Australia, kwenye nyika ambako usiku hupoa sana, na mwili wake hubaki kwenye nyuzi joto 41 hivi akijikunyata ndani ya manyoya yake. Akiwa mzima, ameshiba mbegu, yuko pakavu na hapigwi na upepo, usiku wa Mbeya ndani ya nyumba anaumudu.

Kwa maelezo yako, kilichowaua ni mkaa.

Kila kipupwe swali hili hunijia, kutoka Mbeya, Njombe, Arusha, hata Limuru, na halikosi maneno yaleyale: "lakini mkaa ulikuwa umeshaiva." Hapo ndipo panaponikera kuliko pengine pote. Watu wamefundishana kwamba moshi ukiisha, hatari imeisha. Moshi ni jambo moja na kaboni monoksidi ni jambo jingine. Gesi hii hutoka mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Kaa jekundu linalong'aa bila moshi linaitoa, na kwa wingi. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo kiumbe anaendelea kuvuta pumzi huku mwili unakufa kwa kukosa oksijeni. Blanketi halizuii chochote, kwani gesi inapenya kitambaa sawasawa na hewa.

Ndege hutangulia kufa kwa sababu ya maumbile yake. Mbali na mapafu ana vifuko vya hewa, kwa kawaida 9, vinavyofanya hewa mpya ipite mapafuni anapovuta pumzi na pia anapoitoa. Mfumo huo ndio unaomwezesha kuruka mbali bila kuchoka, na ndio unaomwingizia sumu upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, alishauri wachimbaji wa makaa ya mawe waingie mgodini na chiriku tunduni. Chiriku akianguka, watu walikimbia. Uingereza iliacha utaratibu huo mwaka 1986 tu, vilipopatikana vipimo vya umeme.

Vidonge vya nondo vitupe. Havimfukuzi nyoka, na mvuke wake unamdhuru ndege aliyefungiwa asikoweza kuukimbia. Oksitetrasaiklini ni dawa ya bakteria, haiwezi kuondoa gesi kwenye damu. Tena hubadilisha ladha ya maji, na mgonjwa anayehitaji kunywa anayakataa. Wauzaji wanaogawa unga huo kwa kila ugonjwa, bila hata kumtazama mnyama, wanaua ndege wengi na kuwaacha wenye nao wakiamini walijitahidi kutibu.

Huyo anayetweta mweke penye hewa safi, kivulini, pasipo na upepo. Mfungie chupa ya maji ya moto ndani ya kitambaa, uiegemeze nje ya tundu upande mmoja, ili akitaka joto asogee na likizidi ajitenge. Usimlazimishe maji mdomoni, yatapita njia ya hewa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, na uliza kwanza kama wana oksijeni. Yule wa nne naye mtoe humo hata kama anaonekana mzima.

Usiku unaofuata, shuka nyepesi ifunike pande tatu, wa nne ubaki wazi. Tundu likae mbali na dirisha na mbali na jikoni. Kama kuna panya, wavu uwe wa matundu yasiyozidi robo inchi, kwa sababu ule wa kawaida wa kuku unapitisha panya mdogo na hata nyoka. Siafu wakiwa wengi, simamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya maji. Dawa ya mbu ya kuchoma, ubani, udi na dawa za kupuliza visikaribie chumba hicho. Mbu huweza kumwambukiza ndege ndui, kwa hiyo tandaza chandarua kisicho na dawa, mdomo wake usikifikie.

Sasa nirudi kwenye neno ulilolipitia haraka: vichwa viliwauma. Hayo sidhani kama yalikuwa mafua. Mlivuta gesi ileile iliyoua ndege wenu, na pengine kilichowaokoa ni ukubwa wa miili yenu na mlango uliowatenga na sebule. Katika nyanda za baridi, familia nzima hukutwa zimekufa vitandani, jiko likiwa katikati ya chumba. Mtoto mchanga na mama mjamzito ndio walio hatarini zaidi. Nendeni hospitali mkapimwe, hasa kama bado kuna kizunguzungu, kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, na mkifika semeni wazi kwamba mlilala na jiko la mkaa ndani. Msiposema, dalili hizo zinafanana mno na malaria, na mnaweza kurudishwa nyumbani na vidonge.