Mbwa anayeparamia wageni getini: aachishweje?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd, ana miezi 10 na kilo 27. Tunamwita Simba. Mchana anashinda bandani, saa 12 jioni tunamfungulia. Si mkali, ila kila anayeingia getini anamparamia hadi kifuani. Juzi alimrukia mzee jirani yetu aliyekuwa anaelekea msikitini, akamchafua kanzu na nusura amwangushe. Mimi humkaripia, mlinzi humpiga goti la kifua, watoto wao wanacheka na kucheza naye. Hakuna kilichosaidia, naona ndiyo kwanza anazidi. Nimeshauriwa nimfungie usiku na mchana. Nifanyeje? (Msomaji, Kinyerezi)

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kabla ya habari ya mbwa, nendeni kwa mzee mkamwombe radhi kama hamjaenda. Kanzu ile haikuingia vumbi tu. Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, na ndio Waislamu wengi wa pwani yetu, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara 7, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu aliyeshatia udhu na yuko njiani kuwahi swala, hiyo ni adha kubwa. Akiona mnaielewa, atawavumilia wiki hizi za mafunzo.

Sasa Simba. Mbwa wakikutana hunusana usoni, na mtoto wa mbwa humlamba mkubwa wake mdomoni. Uso wa binadamu uko juu, basi anaupandia. Alipokuwa na miezi 3 bila shaka mlimchekea na kumbeba akifanya hivyo. Leo anafanya jambo lilelile, ila uzito umeongezeka.

Na anaendelea kwa sababu kuruka kunamlipa. Hesabu anachovuna kila anaporuka: wewe unamtazama na kumsemesha, mlinzi anamgusa, watoto wanacheza naye. Kwa mbwa aliyeshinda peke yake bandani tangu asubuhi, hata karipio ni maongezi. Ndiyo maana kelele zako hazijapunguza kitu.

Goti la mlinzi liachwe leo hii. Linaweza kumuumiza kifua, na mbaya zaidi linamfundisha kwamba mtu akisogea kuna maumivu. Mbwa wa namna hiyo hatimaye anaweza kuanza kujihami kwa meno. Kumkanyaga vidole vya miguu ya nyuma, ambako pia watu hushauriana, kuna madhara hayohayo. Kumfungia usiku na mchana nako kunamwongezea kiu ya watu, na siku akitoka atawaparamia maradufu. Kinyume chake, mtembezeni dakika 20 hadi 30 kabla ya mafunzo, akiwa na kamba.

Mbwa haelewi "usifanye". Anaelewa "fanya hivi upate". Kwa hiyo hatumfundishi kuacha kuruka, tunamfundisha kwamba mtu akisogea, miguu minne ikibaki chini, chakula na salamu vinakuja. Hawezi kukanyaga chini kwa miguu yote na kukuparamia kwa wakati mmoja.

Tafuta mkanda wa shingoni ulio bapa, uliofungwa kwa nafasi ya kupenyeza vidole 2, na kamba ya manila ya mita 1.5 yenye klipu ya chuma. Akiwa ni wa kujirusha kwa nguvu, mvishe hanesi, yaani mikanda inayozunguka kifua, ili shingo isiumie. Mnyororo wa kukaba usiutumie. Chakula cha kumtuza kiwe kitu asichokipata kila siku: maini au firigisi zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa). Kata vipande 40 vya ukubwa wa punje ya hindi, si zaidi, na upunguze kiasi hicho kwenye mlo wake wa jioni. Vipande vikubwa vinakwamisha zoezi, kwani anatafuna badala ya kujifunza, na anashiba mapema.

Wiki ya kwanza msifanye mafunzo getini kabisa. Fanyeni zoezi barazani, kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, jua likiwa limepoa. Dakika 5 zinatosha, mara 2 kwa siku. Mfunge kamba kwenye nguzo, chini, kimo cha sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Piga mstari wa chaki pale anapofikia mwisho kamba ikinyooka. Simama mita 3 kutoka kwake, kipande kimoja cha chakula mkononi, mkono ukiwa umeshuka pajani. Mkono wenye chakula ukiuinua kifuani, wewe mwenyewe ndiye umemwita juu.

Msogelee taratibu, kimya. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo mwangalie vizuri. Mbwa haruki ghafla. Kwanza macho yanakazana usoni kwako, kisha uzito unarudi nyuma, makalio yanashuka kidogo na mabega yanakuwa mepesi, halafu ndipo miguu ya mbele inanyanyuka. Kati ya mabega kuwa mepesi na miguu kunyanyuka unayo nafasi ndogo, pengine nusu ya sekunde. Chakula kinatakiwa kifike kabla ya nafasi hiyo: kiweke chini kabisa, katikati ya miguu yake ya mbele. Kichwa kikiinama, miguu haina namna ya kupanda. Wakati anakula, mpapase kifuani kwa upole, kisha rudi nyuma uanze upya.

Akiwahi kunyanyua miguu, usiseme neno. Geuka, rudi nyuma hatua 3, mpe mgongo. Miguu ikitua na kutulia, hesabu hadi 5 kimoyomoyo, ndipo umsogelee tena. Rudia mara 10, pumzika.

Hesabu hiyo ya 5 isidharauliwe. Mbwa anayepewa chakula mara tu anaposhuka hujifunza mlolongo mzima: naruka, nashuka, nakula. Mtaona anaruka makusudi ili ashuke. Wengi huishia hapo wakadhani mbwa ni mkaidi, kumbe amefundishwa barabara, ila somo silo. Ikiwa hilo limeshawatokea, ongezeni umbali. Simama mita 2 kutoka mstari wa chaki, umrushie kipande sakafuni angali ametulia, na usogee hatua moja tu kila siku.

Akifanikiwa mara 8 kati ya 10, ongeza ugumu: njoo kwa mwendo wa haraka, kisha ukiwa umebeba mfuko, kisha ukimsalimu kwa sauti. Akishindwa mara 2 mfululizo, rudi hatua ya nyuma. Hapa unaweza kuingiza neno "kaa". Baadhi ya nyumba wanasema "sit", haina tofauti, ila wote mseme neno moja na mlitamke mara moja tu. Ukisema "kaa, kaa, kaa we!" atajifunza kwamba la kwanza na la pili hayana maana.

Jiandaeni kwa jambo moja linalowakatisha watu tamaa. Baada ya siku chache za kunyimwa alichozoea, Simba anaweza kuruka kwa nguvu zaidi, kubweka, hata kukuvuta nguo. Anajaribu njia ya zamani kwa bidii kabla hajaiacha. Mtu akimwonea huruma siku hiyo na kumkumbatia, amemfundisha kwamba ukizidisha utapewa, na kumtoa hapo ni kazi kuliko mwanzo.

Ndiyo maana kikao cha familia ni sehemu ya mafunzo. Mkae wote: wewe, mwenzio, dada wa kazi, mlinzi, watoto. Mtu mmoja anayemruhusu aruke "kwangu tu" anabomoa kazi ya wanne, kwani zawadi inayotokea mara moja moja ndiyo inayomng'ang'aniza mbwa kuliko ile ya kila siku. Watoto wafundisheni kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, kimya. Wakikimbia na kupiga yowe, yeyote atakimbizwa. Zoezi la chakula wasilifanye bila mtu mzima.

Wiki ya pili nendeni getini. Mwite fundi wa kuchomelea aweke pete ya chuma kwenye nguzo, sentimita 30 kutoka chini, umbali wa mita 3 kutoka njia anayopita mgeni. Kamba ya mita 1.5 pamoja na urefu wa mbwa mwenyewe haitafika njiani. Mgeni akibisha hodi, mlinzi ajibu "karibu, subiri kidogo," amfunge Simba, ndipo afungue. Geti lisifunguliwe kabla ya klipu kuingia kwenye pete, hata kama mgeni ni mtu wa nyumbani. Hatuwezi kumpangia kila mgeni, muuza mkaa au kijana wa bodaboda jinsi ya kusimama, kwa hiyo kamba ndiyo inayomlinda. Mgeni akipita na Simba akabaki chini, mlinzi amtupie chakula miguuni. Pale getini tumieni chakula kikavu cha mbwa kwenye kopo lenye mfuniko. Maini hayavumilii joto la Dar, na sisimizi watayafikia kabla yenu.

Anzeni na watu wa nyumbani wanaojifanya wageni, mara 5 kila jioni. Wageni wa kweli wafuate, wakisogelea tu wale wanaopenda mbwa. Asiyependa apite zake, na Simba azoee kwamba si kila apitaye ni wake. Akimaliza siku 10 bila kuruka getini, punguzeni chakula: apewe mara moja katika tatu, kisha maneno na kupapaswa vichukue nafasi. Kamba ndiyo iwe ya mwisho kuondoka. Kwa mbwa wa umri huu, nyumba ikishirikiana, kazi hii kwa kawaida huchukua wiki 3 hadi 6.

Mlinzi wako huenda akahofia kwamba Simba atapoteza ulinzi. Asiwe na shaka. Kinacholinda nyumba ni kubweka na kuwepo kwake, wala kuparamia kwa furaha hakujawahi kumzuia mwizi.

Haya yote ni kwa mbwa anayesalimia: mwili umelegea, mkia unapepea pamoja na kiuno, mdomo uko wazi. Ukiona mwili umekakamaa, mdomo umefumba, nywele za mgongoni zimesimama, macho hayapepesi, hiyo si salamu na zoezi hili si lake. Mweke nyuma ya uzio na umwite mtaalamu aje amwone palepale nyumbani. Mbwa mpole aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mengi au kushindwa kumeza, mtenge bila kumgusa na upige simu kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iangalie leo. Chanjo ya kwanza hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na kwetu wengi huirudia kila mwaka. Mbwa anayeruka hukwaruza hata bila kukusudia. Aliyekwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya, nanyi mumpe nakala ya kadi hiyo aende nayo.