Mwenzangu ananichelewesha, kisha ananisema kikaoni: nimshtaki kwa bosi?

Swali

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mhasibu. Kila mwezi natakiwa kufunga hesabu na kumfikishia mkuu wa idara ripoti ifikapo tarehe 5. Takwimu za mauzo naletewa na mwenzangu wa kitengo cha mauzo. Tuko ngazi moja, hakuna aliye bosi wa mwenziwe. Haleti kwa wakati. Nikimkumbusha ananyamaza, au ananijibu kwa kejeli watu wakisikia. Kwenye kikao kilichopita alisema ripoti inachelewa kwa sababu "nyie watu wa hesabu mnapenda kukuza mambo", watu wakacheka. Nimeandika barua pepe ya kurasa tatu kwa mkuu wa idara, nimeeleza yote tangu huyu bwana aajiriwe, ila sijaituma. Niitume? Na je, nikimrekodi kwa simu bila yeye kujua, huo si ushahidi? Ikishindikana kabisa nitaomba uhamisho.

Jibu

Usiitume, ndugu yangu. Na kama umeiandika kwenye akaunti ya ofisi, itoe huko leo hii. Sehemu nyingi za kazi mwajiri ana mamlaka ya kufungua akaunti hizo, na rasimu ya hasira ikisomwa haina tofauti kubwa na barua iliyotumwa.

Nasema hivyo nikiwa upande wa pili wa meza, ofisi ya utumishi, ambako barua za namna hii ndiko zinakoishia. Zinafanana mno. Aya ya kwanza ina tukio. Ukifika ukurasa wa pili tukio limeshasahaulika, zimebaki sifa za mtu: mvivu, ana dharau, ana kijicho, anabebwa na wakubwa. Mkuu wa idara akisoma hapo anabaki kujiuliza afanye nini. Hawezi kumwagiza mtu aache kijicho. Anaweza kumwagiza alete takwimu tarehe 2. Hilo ndilo la kushikilia katika shauri lako lote: dai kitu ambacho mtu anaweza kuagizwa, na siku ikifika ikaonekana wazi kama kakifanya au hakukifanya.

Kuteleza kutoka kwenye tendo hadi kwenye tabia si udhaifu wako peke yako. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, waliwapa wanafunzi insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro. Hata wasomaji walioambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandikia, bado walielekea kudhani kuwa hayo ndiyo anayoyaamini moyoni. Mwaka 1977 Lee Ross alilihesabu jambo hili kuwa kosa la msingi katika namna tunavyotafuta sababu za matendo ya watu: tunamwona mtu, hatuyaoni yaliyombana. Mimi nikichelewa, kazi zilinizidi. Wewe ukichelewa, mzembe. Sisemi mwenzako ni malaika. Huenda ni mkorofi kweli. Ila katika yote uliyonieleza sijaona mahali ulipomuuliza kinachomchelewesha.

Kwa hiyo anza na takwimu zenyewe. Zinatoka wapi kabla hazijamfikia yeye? Huenda anasubiri ankara zilizorudishwa na wateja zisahihishwe, au orodha ya mtu wa ghala, au saini ya meneja wake ambaye naye hakai ofisini. Kisha ujiulize swali ambalo nimewauliza wengi wakabaki wananitazama: ni nani aliyewahi kumwambia kwa maandishi tarehe ya kukuletea? Tarehe 5 ni yako wewe. Imo kwenye majukumu yako. Kwenye majukumu yake pengine hakuna tarehe yoyote, na wewe umekuwa ukimlaumu kwa kuvunja ahadi asiyoitoa. Migogoro ya kazini ninayoiona, sehemu kubwa inazaliwa hapo kazi inapotoka mkono huu kwenda ule, mahali ambapo hakuna aliyeandika nani anampa nani nini na lini.

Ukishajua, kaa naye. Wawili tu, ana kwa ana. Ujumbe wa simu hauna sauti, na msomaji aliyekasirika huutia sauti anayoitaka yeye. Usichague wiki ya kufunga hesabu, wakati wote mna presha. Katikati ya mwezi ndio mzuri, hakuna anayeungua. Usianze na "wewe huwa", wala "kila siku". Mtu akisikia "kila siku" anatafuta ile siku moja aliyowahi, na akiipata kesi yako imekwisha. Sema hivi, au kwa namna yako mradi yabaki haya:

"Mwezi uliopita takwimu za mauzo zilinifikia tarehe 5 saa tisa alasiri. Nikafunga hesabu usiku, ripoti ikatoka tarehe 6. Nahitaji kuzipata tarehe 2, nibaki na muda wa kulinganisha na taarifa ya benki. Kwa upande wako kinachokwamisha ni nini?"

Halafu nyamaza. Ni kigumu kuliko kinavyoonekana. Wengi wetu tukiona mtu kanyamaza tunaongeza maneno, na katika yale ya nyongeza ndimo mnamotoka "maana hata kule kikaoni ulinidhalilisha", na mazungumzo ya takwimu yanageuka ugomvi wa heshima. La kikaoni lina mahali pake, nitalifikia.

Akikueleza kikwazo cha kweli, mmepata kazi ya kufanya pamoja. Labda hawezi kutoa takwimu kamili tarehe 2 lakini anaweza kukupa za awali, na marekebisho yakaja tarehe 4. Wewe mhasibu unajua ni mistari ipi usiyoweza kuanza bila hiyo, na ipi inayoweza kusubiri. Mwambie. Yeye hajui, kwake zote ni "takwimu za hesabu". Akija juu, "mbona wewe unajifanya bosi?", usijibu la ubosi. Rudia ombi kwa sauti ileile: "Sina ubosi kwako. Nahitaji takwimu tarehe 2. Nini kinazuia?" Mara mbili inatosha, mara ya tatu mwambie mtaongea siku nyingine na uondoke. Anayesumbua zaidi ni yule wa "sawa, hamna shida", maana sawa yake haina tarehe. Muulize palepale: "Basi mwezi huu nizitegemee tarehe 2 saa ngapi?"

Siku hiyohiyo mwandikie mistari mitatu, usizidishe: "Asante kwa muda wako. Tumekubaliana nitapata takwimu za awali tarehe 2 kabla ya saa sita mchana, na marekebisho tarehe 4. Nikikosea mahali nirekebishe." Ile sentensi ya mwisho si adabu tu. Asipokurekebisha, makubaliano yamesimama. Na bosi usimnakili. Ujumbe wa kwanza ukiwa na nakala ya bosi, mwenzako hasomi takwimu wala tarehe, anasoma kwamba umekwenda kumchongea.

Sasa kikao. Yaliyosemwa mwezi uliopita yamepita, usiyafufue mbele ya kadamnasi. Yakirudiwa, jibu palepale, kwa ufupi, ukimtazama mwenyekiti na si yeye: "Ripoti ilikamilika siku moja baada ya takwimu kufika, na takwimu zilifika tarehe 5. Naomba tukubaliane hapa tarehe ya takwimu kufika, iingie kwenye muhtasari." Hujamtaja mtu, hujalalamika, umeeleza ratiba. Ikiisha kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao, tarehe hiyo si yako na yeye tena, ni ya idara nzima. Ile kejeli, kama imekuuma, mwambie faraghani mara moja: "Ulichosema mbele ya watu hakikunipendeza. Ukiwa na tatizo na kazi yangu, niambie mimi." Usimdai aombe radhi. Mtu anayelazimishwa kuomba radhi anakwenda kuisimulia korido nzima kwa namna yake.

Kumrekodi kwa siri? Hapana. Sheria zinatofautiana, kuna nchi ambako kurekodi mazungumzo bila ridhaa ya upande wa pili ni kosa la jinai, nyingine zinaruhusu mshiriki wa mazungumzo kurekodi. Na hata inaporuhusiwa, kanuni za mwajiri zinaweza kukukataza ukajikuta wewe ndiye mwenye shauri la nidhamu. Jambo likija kujulikana, na hujulikana, si yeye peke yake atakayeacha kuongea mbele yako. Daftari linakutosha. Andika siku ileile: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, waliokuwepo, na wewe ulifanya nini. "Alinidharau tena" haimsaidii mtu yeyote. "Tarehe 3, saa nne asubuhi, nilimuuliza takwimu, akasema 'nenda kazitafute mwenyewe', walikuwepo wawili wa mapokezi" inasimama hata baada ya mwaka. Na uandike pia siku alizoleta kwa wakati. Daftari lisilo na jema hata moja linaonekana limeandikwa kwa chuki, nasi tunaosoma madaftari haya hulitambua upesi.

Hapa niweke mpaka, maana yote niliyosema yanamhusu mwenzako mgumu, hayamhusu anayekunyanyasa. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Uswidi na mmoja wa waanzilishi wa utafiti kuhusu watu wanaoandamwa kazini, alitumia kipimo cha angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita au zaidi. Kilikuwa kipimo cha utafiti; wewe huhitaji kuvumilia miezi sita ndipo useme. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2021, unahesabu ukatili na unyanyasaji kazini hata kama tendo limetokea mara moja. Vitisho, matusi ya jinsia, kabila au dini, kukugusa usivyotaka, watu kukutenga kwa makusudi ili uache kazi: hayo hayapelekwi kwenye mazungumzo ya wawili katikati ya mwezi. Yapeleke kwa ofisa utumishi au chama cha wafanyakazi kama kipo, kwa maandishi, na usikubali kuambiwa "kayamalizeni wenyewe". Katika uliyonieleza sioni hayo. Naona ucheleweshaji na mdomo. Kama kuna usilolisema, basi hii aya ndiyo yako, zile za juu ziache.

Bosi basi utamwona lini? Funga hesabu mara mbili ukiwa na makubaliano yaliyoandikwa. Yakivunjwa zote mbili bila maelezo, nenda, na mwenzako ajue unakwenda: "Tumejaribu miezi miwili, sasa nitamwomba mkuu atusaidie kupanga tarehe. Ukipenda twende wote." Wapo wanaoleta takwimu kesho yake kwa sentensi hiyo tu. Kwa bosi peleka ukurasa mmoja: tarehe mlizokubaliana, tarehe ambazo takwimu zilifika, ripoti ilichelewa siku ngapi, na ombi moja. Ombi lenyewe liwe la utaratibu, kwamba takwimu za mauzo zifike hesabu tarehe 2, na zisipofika ripoti itoke bila sehemu hiyo ikiwa na maelezo kuwa inasubiriwa. Hii ya pili wahasibu wengi wanaiogopa kwa sababu ripoti yenye pengo inaonekana mbaya. Ni kweli, lakini sasa hivi pengo ni la kitengo kingine na unaliziba wewe kwa usiku wako, bosi halioni, kwa hiyo hana sababu ya kuliondoa.

Uhamisho sikukatazi. Mtu ana haki ya kutafuta mahali anapofanya kazi kwa amani, na miezi mingi ya kwenda kazini tumbo likiuma ina gharama yake. Ila kabla hujajaza fomu, ulizia kazi unayoiomba inategemea nini. Ukihamia chumba kingine na bado takwimu zako zinatoka kitengo cha mauzo, mtu wa kukuletea atakuwa ni yuleyule.