Kwa nini mbegu "inayostahimili" bado inapata kutu

Ndugu wa Bukwo uliyeuliza mbona ngano ya mbegu uliyoambiwa haishiki kutu, ule ugonjwa wa kuvu, sasa shina zimejaa unga mwekundu, si lazima umeibiwa. Ule unga unaopaka suruali ukipita shambani ni mbegu za kuvu, na kuvu nayo inabadilika. Mfano uko hapahapa kwetu, 1998 kule Kalengyere, Uganda, ndio ilionekana kutu ya shina iliyoishinda Sr31, jeni ya kuzuia kutu hiyo iliyotoka kwa nafaka iitwayo rai ikaingizwa kwenye ngano na dunia nzima ikaitegemea miaka mingi, ndio wakaiita Ug99 (sifa gani hizi kwa nchi jamani).

Sasa jeni nyingine za kuzuia kutu watafiti wanazitafuta kwa kuchora ramani ya jeni, ni hivi: wanachanganya ngano inayostahimili na ile dhaifu, wanapanda watoto na wajukuu wao mamia, wanaacha kutu iwapige, halafu wanaangalia waliopona wote wamerithi kipande gani cha DNA. Kipande kikipatikana mzalishaji wa mbegu anapima jani la mche mdogo tu, hangoji msimu uishe. Sr35, jeni nyingine ya kuzuia kutu, ilipatikana hivyo kwa ngano ya kale, 2013 wakaitenga jeni yenyewe.

Ila jeni moja peke yake mimi siiamini, wanaoweka tatu nne pamoja, na Sr2 ndani yake ambayo inapunguza tu kutu polepole mmea ukikomaa, hao ndio mbegu yao inadumu. Na kustahimili ukame ni kichwa kingine, huo jeni zake ni nyingi na kila moja inasaidia kidogo sana.