Kwa Mnaoanza Kuongoza Matembezi ya Historia Dar: Anzeni na Kiwanja na Mshahara

Kila mwaka wanakuja vijana wapya wanaotaka kuwatembeza wageni na wanafunzi katikati ya jiji, wakisimulia habari za ubaguzi wa rangi na jinsi watu weusi walivyoupinga. Nawapokea kwa mikono miwili, maana kazi hii ina upungufu wa watu. Lakini wengi huja na hotuba. Wanasimama Mnazi Mmoja, wanaanza na Mwalimu Nyerere, wanamaliza na bendera ya Desemba 1961, na mgeni anaondoka akidhani ubaguzi ulikuwa utovu wa adabu wa Wazungu wachache. Hapa Dar ubaguzi ulikuwa mpango wa ardhi na mpango wa malipo. Mwonyeshe mtu hayo mawili, mengine atayaunganisha mwenyewe.

Anza Ocean Road, mapema kabla jua halijakali. Wajerumani walijenga hospitali pale mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, wapate upepo wa bahari. Wasiokuwa Wazungu walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, ambaye jina lake bado lipo kwenye wodi za Muhimbili. Kutoka hapo pita Gymkhana, ingia Kisutu na Mtaa wa Jamhuri, vuka Mnazi Mmoja, uibukie Kariakoo. Msipande bajaji. Mgeni anatakiwa ahisi kwa miguu yake jinsi viwanja vinavyopungua na nyumba zinavyosogeleana.

Sasa mweleze kilichofanya hivyo. Kufikia 1914 Wajerumani walikuwa wameugawa mji katika kanda tatu za ujenzi. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa, haikuwafaa kuandika waziwazi kwamba Mwafrika akae huku na Mhindi kule. Wakazibakiza kanda zile zile na kuzitambulisha kwa aina ya nyumba: za Kizungu kanda ya kwanza, za maduka na makazi ya pamoja ya pili, vibanda vya udongo ya tatu. Rangi haikuhitaji kutajwa. Ilitosha kudai jengo la gharama, na mshahara wa Mwafrika ukamzuia asivuke. Tulia hapa. Kundi likielewa jambo hili moja, umefanya kazi ya nusu siku.

Mkifika Mnazi Mmoja wasimamishe katikati ya uwanja, watazame upande wa Kisutu, walikokaa Wahindi, kisha wageuke watazame Kariakoo, walikokaa Waafrika. Ardhi ile iliachwa wazi makusudi ili kuwatenganisha Waafrika na wengine, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, eti magonjwa yasivuke. Waache wapime upana wake kwa macho. Miaka ya hamsini TANU, chama kilichodai uhuru, iliujaza watu uwanja huo huo, wakija kutoka kule kule walikokuwa wametengwa.

Kuhusu mshahara, usiishie kusema "walilipwa kidogo". Sema kwamba serikalini kulikuwa na viwango vitatu, cha Mzungu, cha Mhindi na cha Mwafrika, hata kwa kazi inayofanana. Halafu nenda bandarini. Makuli waligoma 1939, wakagoma 1943, na Septemba 1947 wakagoma tena, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita. Safari hii wafanyakazi wa reli waliingia, na mgomo ukapanda na reli ya kati kwenda bara. Mishahara ikaongezwa. Wengi wa watu hawa hawakuwa na vyeti wala hawakumsubiri msomi awaambie wanaonewa. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimesikiliza matembezi mengi ambayo makuli hawatajwi kabisa.

Wengine wasioachwa: Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyevutiwa na mawazo ya Marcus Garvey, Mjamaika aliyehubiri umoja wa watu weusi, akaanzisha gazeti la Kiswahili la Kwetu mwaka 1937, wakati serikali ilikuwa na Mambo Leo yake. Na makarani na walimu walioanzisha chama cha African Association mwaka 1929. Na Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alikuja Dar akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, akapita kwenye vikundi vya wanawake kama hivyo, na wanachama wakamiminika. Ngoma zilikuwa tayari na viongozi, michango na taarifa zinazofika kila nyumba. Kijana anayesema utamaduni ni burudani ya kufungulia mkutano, mpeleke akasome habari hizi.

Kura tatu ipe muda. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa zaidi ya 98 kwa kila watu 100. TANU iliamua Tabora, Januari 1958, kushiriki hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu akaondoka akaunda chama chake cha Waafrika peke yao. Oktoba 1961, mjadala wa uraia ulipokuja, wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi, na Nyerere akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Mimi naona alikuwa sahihi, lakini hasira ya wale wengine ilikuwa na chanzo, na anayeongoza asiwageuze wajinga. Vivyo hivyo kwa Wahindi: mfumo uliwaweka katikati, juu ya Mwafrika na chini ya Mzungu. Usimfanye mwenye duka wa Kisutu abebe kosa la aliyechora ramani, wala usimtoe kabisa kwenye hadithi. Biashara ya utumwa ya pwani nayo itaje bila kumung'unya, hata kundi likiwa la nani.

Ukiwa na Wajerumani, wasimulie sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani, iliyosimamishwa hapa 1909: yeye juu, askari mweusi chini akimwinulia macho. Ilihamishiwa Hamburg 1922, na wanafunzi wa huko wakaiangusha 1967 na tena 1968. Wamarekani weusi watakuuliza kuhusu Malcolm X, aliyefika Dar Oktoba 1964, na Kongamano la Sita la Pan-Afrika lililofanyika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Juni 1974. Usiwaambie kwamba yaliyotokea hapa ni sawasawa na ya kwao. Waulize ya kwao, wasikilize.

Wazee ni shule, ila waendee kwa adabu. Toa shikamoo, kaa ulipoelekezwa, simu ibaki mfukoni mpaka upewe ruhusa. Na usiulize "ubaguzi ulikuwaje?" Mzee mmoja wa Ilala aliyefanya kazi bandarini alinijibu swali hilo kwa neno moja: "Ulikuwepo." Nilipomuuliza mshahara walikuwa wanachukulia wapi, alinyoosha mkono akanichorea foleni hewani: dirisha la Waafrika nje juani, mlango wa wengine ndani, na karani aliyekuwa akihesabu sarafu bila kuinua uso. Aliongea mpaka adhana ya alasiri. Ukirekodi, mpelekee nakala kabla hujaitumia popote.

Mgeni mwenye siku mbili, mpandishe treni ya SGR asubuhi hadi Morogoro, mwende Mazimbu. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilijenga shule pale kwa vijana waliokimbia nchi hiyo baada ya maandamano ya Soweto 1976, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wake aliyenyongwa Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa hiyo omba ruhusa mapema, na tenga saa nzima kwa ajili ya makaburi.