Mwalimu wa Mtaa Ashukuriwe Angali Anasikia

Swali lenu la juma hili linauliza ni nani aliyetulea katika utumishi wa kanisa, na tulimshukuru kwa namna gani. Nitamtaja aliyenilea, lakini kinachoniuma ni jambo la jirani na hilo: kwa nini shukrani zetu nyingi hutolewa wakati anayeshukuriwa hawezi tena kuzisikia?

Kila aliyehudhuria mazishi huku mlimani Kilimanjaro anaujua utaratibu. Mashada yakishawekwa, msemaji wa familia husimama kutoa neno la shukrani. Hushukuriwa madaktari, mwajiri, baba askofu aliyetuma salamu, mkuu wa jimbo na mchungaji, halafu husikika maneno yale yale ya kila msiba: “na watumishi wengine wote ambao muda hautoshi kuwataja.” Miongoni mwa hao wengine wote yumo mwinjilisti wa mtaa, aliyekuwa akiingia kumwombea mgonjwa kabla ndugu walioko Dar es Salaam hawajapata hata habari kwamba anaumwa.

Walutheri wenzangu hawahitaji kuelezwa kwamba usharika una mitaa kadhaa, na kwamba mchungaji huizungukia yote wakati mwinjilisti anakaa na watu wa mtaa wake siku zote. Wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Leipzig walipoondolewa huku mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliobaki wakifundisha na kuongoza sala walikuwa walimu wazalendo, na bila wao wamisionari waliorudi miaka michache baadaye wangekuta makanisa matupu. Askofu Josiah Kibira alipochaguliwa mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, taifa zima lilifurahi, na ilistahili. Walimu wale wa mitaa wanakumbukwa na wajukuu wao tu.

Aliyenilea mimi ni mwinjilisti wa mtaa wetu, mhitimu wa Chuo cha Biblia Mwika, ambaye wadogo kwa wakubwa tulimwita Mwalimu. Alinifundisha kipaimara, akanikabidhi darasa la Shule ya Jumapili nikiwa bado msichana wa sekondari, na mwaka mmoja wakati wa masika akanifundisha jambo ambalo ndilo limenifanya niandike barua hii. Alikuwa amefariki mtoto wa jirani, mmoja wa watoto wa darasa langu. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine katika mtaa wa mbali, barabara zilikuwa tope tupu, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaukiwa na sauti kwa mafua. Aliniita nyuma ya nyumba, penye migomba, akanipa kitabu cha ibada na kuninong’oneza kwamba yeye angetia udongo na mimi ningesoma. Nilimwambia kwamba siwezi. Hakubishana nami. Alinipa kalamu akanituma kwa bibi wa marehemu nikaulize mtoto alikuwa akiitwaje nyumbani, si shuleni, nami nililiandika jina hilo kiganjani. Kisha akanielekeza nisimame upande alioketi mama, nisimtazame usoni wakati wa kusoma, bali niwatazame wanawake waliomshika, kwa maana wao ndio wangenionyesha kama ni wakati wa kungoja. “Na usiikimbilie Amina, mwanangu,” aliniambia. “Waache wapumue.”

Nilisoma. Yeye alisimama begani pangu, na kila nilipofika mwisho wa fungu aliniwekea kidole kwenye ukurasa kunizuia, akakiondoa wanawake walipotulia. Nilipolitaja lile jina la nyumbani, kilio kilipanda kikawa kirefu, naye hakukiondoa kidole mpaka kikaisha. Tulipokuwa tukirejea njiani hakunisifu hata kidogo. Alinituma nirudi nyumba ile kesho yake jioni, niende mikono mitupu na nikae tu, kwa sababu ibada ya kesho haina kitabu. Nilikwenda jioni ile na jioni zilizofuata, na tangu hapo sijawahi kuufikiria utumishi kama kazi ya Jumapili.

Wapo pia marafiki wawili tuliofundisha nao watoto miaka mingi, tukazikiana wazazi na kuchangiana nauli. Mmoja wao alisoma chuo cha theolojia cha Makumira na leo ni mchungaji, jambo lililowezekana kwa kuwa kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Naye alipita mikononi mwa Mwalimu yule yule.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba risala na vitenge tuviache, na shukrani ya kweli iwe bima ya afya na kiinua mgongo. Mwalimu alipostaafu tulimvisha koti jipya, mkewe tukamfunga kitenge, watoto wakasoma risala, na siku iliyofuata kipato chake kikawa shamba la kahawa lililozeeka. Nilikasirika wakati ule, na hasira hiyo bado ninaiona kuwa ya haki. Hata hivyo, nilipomtembelea hivi karibuni alitoa ndani ya Biblia yake karatasi ya risala ile, imefunikwa kwa nailoni, akaniomba nimsomee kwa sababu macho yake yamefifia. Palipotajwa watoto aliowafundisha kusoma, alinisimamisha ili ayataje majina yao mmoja mmoja.

Kwa hiyo nimelegeza msimamo. Mtume Paulo, katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, anawataja watenda kazi wenzake kwa majina, pamoja na mama yake Rufo, ambaye anasema alikuwa mama kwake pia, na waraka huo ulisomwa wakiwapo. Lakini sura hiyo hiyo inaanza kwa kuwaomba Warumi wamsaidie dada Fibi katika lolote atakalolihitaji kwao, na mke wa Mwalimu, aliponisindikiza hadi barabarani, aliniuliza kama wazee wa kanisa wamesema lolote kuhusu bima. Siwezi basi kusema kwamba risala inatosha. Ninasema iandikwe, itaje aliyoyatenda mtu badala ya vyeo vyake, isomwe kanisani akiwa ameketi pale mbele, na fungu la matibabu yake katika bajeti ya usharika lijadiliwe Jumapili hiyo hiyo, kabla watu hawajatoka nje kwenda kwenye mnada wa sadaka.