Maswali Yenu: Jeni ya hamira iitwayo RAD3 waliikamataje?

Swali: Habari za kazi mhariri. Niko kidato cha sita, PCB, hapa Morogoro. Nimesoma kwamba jeni ya hamira inayoitwa RAD3, ya kurekebisha DNA, ilikloniwa (yaani ilitengwa peke yake na kuzalishwa nakala nyingi) mwaka 1982. Sasa kama hawakujua imekaa wapi kwenye DNA wala inafananaje, waliikamataje? Na kwanini hamira, kwanini sio binadamu moja kwa moja?

Jibu: Mdogo wangu umeuliza penyewe, manake wengi tunakariri "kukloni" bila kujiuliza kitu chenyewe kilitafutwaje. Hamira inayosemwa hapa ni Saccharomyces cerevisiae, hiyohiyo ya mikate na maandazi. Watafiti walikuwa nazo tayari hamira zenye kasoro, ukizipiga miale ya UV (urujuanimno, ile iliyomo kwenye jua) kidogo tu zinakufa wakati wenzao wanapeta, na jeni zilizoharibika humo wakazipa majina ya RAD, namba za chini ya 50 kwa zile za UV na kuanzia 50 kwa zile za eksirei. Kwa hiyo jina RAD3 lilikuwepo, jeni yenyewe mkononi hakuna.

Kilichofungua njia ni kazi iliyotoka Cornell, Marekani, mwaka 1978, iliyoonyesha kuwa hamira inaweza kupokea DNA ya kupewa ikaitumia. Baada ya hapo Louie Naumovski na Errol Friedberg wa Stanford wakaifuata RAD3. Njia yenyewe inaenda hivi: unachukua DNA yote ya hamira nzima, unaikatakata vipande, kila kipande unakipachika kwenye plazmidi (kale kaduara kadogo ka DNA) ambayo imebeba pia jeni ya kutengeneza urasili, kemikali ambayo seli haiwezi kukua bila hiyo. Afu unawapa hamira wenye kasoro mbili, hawawezi kutengeneza urasili na hawawezi kurekebisha DNA. Unawaotesha kwenye sahani isiyo na urasili, anayeota ujue kapokea plazmidi, ila bado hujui kapokea kipande gani kati ya maelfu. Hapo ndo unawapiga UV. Wengi wanakufa, mmoja mmoja anabaki, na huyo aliyebaki ndiye anayekuambia jeni unayoitafuta iko ndani yake! Unaitoa plazmidi, unaizalisha kwa wingi ndani ya bakteria E. coli, unairudisha kwa hamira wengine wenye kasoro uone kama nao wanapona. Mimi hapa huwa naishiwa maneno, yaani hukuhitaji kujua herufi hata moja ya hiyo jeni, umeitambua kwa kazi yake tu.

Kwanini hamira: ni seli moja, inagawanyika kama kila dakika 90 ikiwa na chakula, na inaweza kuishi na seti moja tu ya kromosomu, kwahiyo kasoro haina pa kujificha. Seli zetu zina nakala mbili, moja ikiharibika nyingine mara nyingi inaifunika.

Swali: Mimi nafundisha baiolojia Eldoret. Kuna mahali niliona RAD3 ikitolewa kabisa hamira inakufa hata isipopigwa UV. Kama kazi yake ni kurekebisha tu, si ingeishi vizuri gizani?

Jibu: Mwalimu, hilo ndilo lililowashangaza watafiti wenyewe mwaka 1983. Waliharibu nakala moja ya RAD3 kwenye hamira yenye nakala mbili, wakaiacha itoe spora zake nne (seli za uzazi, kila moja na nakala moja tu), mbili zikaota mbili zikafa, na zilizoota zote zilikuwa na nakala nzima. Maelezo yalikuja kukamilika miaka ya 90: proteini ya Rad3 ni sehemu ya mashine iitwayo TFIIH, ambayo inafungua nyuzi za DNA ili kipande chenye jeraha kikatwe, na hiyohiyo inahitajika seli ianze kusoma jeni zake. Kinachonivutia zaidi, ukibadilisha amino asidi moja tu (kiungo kimoja cha mnyororo wa proteini), ile lisini iliyo nafasi ya 48, Rad3 inapoteza uwezo wa kufungua DNA, hamira inaishi lakini UV inaimaliza. Maana yake kwa usomaji wa jeni proteini inatakiwa iwepo tu mahali pake, kwa urekebishaji lazima ifanye kazi kweli.

Swali: Shikamoo. Mtoto wa dada yangu ana ualbino, ngozi inaungua sana. Nimesikia kuna ugonjwa wa jua unaotokana na jeni kama hiyo ya hamira. Ndo huo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, sio huo. Jeni yetu inayofanana na RAD3 inaitwa XPD, ikiharibika inaweza kuleta xeroderma pigmentosum, ugonjwa nadra ambao seli zinashindwa kurekebisha jeraha la UV. Mwenye ualbino urekebishaji wake ni mzima, anachokosa ni melanini, ile rangi ya kuikinga ngozi, miale inaingia mingi mno. Zote ni za kurithi na zote zinaleta hatari ya saratani ya ngozi, kwahiyo mtoto avae kofia pana na mikono mirefu kuanzia sasa, asisubiri vidonda, na apelekwe kliniki ya ngozi akaguliwe mara kwa mara. Hospitali ya KCMC pale Moshi, Tanzania, wanatengeneza losheni ya jua inayoitwa Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, muulizieni daktari wa ngozi mnaipataje huko mliko.